Vidole Vitatu

Aminieli aliingiza vidole kati ya tairi na fenda,
vinne vikazama, cha tano kikaomba nafasi.
"Dada," akasema, "hii si Vitz,
hii ni mbuzi kapanda kichuguu."

Nikacheka. Moyoni sikucheka.
Na mimi nimeziona, jioni, pale Shanty Town,
gari ndogo zilizolala chini kama paka anayenyemelea,
nikageuza shingo mpaka mtu wa nyuma akapiga honi.

Lakini mimi nabeba keki.
Ghorofa tatu, krimu, maua ya sukari,
kutoka Pasua kwenda Kibosho, kwenda Uru,
kwenda huko ambako lami huishia bila kuaga
na mawe yakapokea zamu.

Mwezi wa nane shokapu zilikuwa zinatokwa jasho la mafuta.
Tuta moja, halina rangi, halina kibao.
Nikafika kwa bibi harusi
ghorofa ya tatu imemvaa wa pili
kama kofia ya mlevi.
Mama mkwe hakufoka.
Alihesabu tu. Moja. Mbili.
Kisha akaniangalia mimi.

Gereji ya Ndelilio ni mabati manne na redio.
Akatandika gunia, akaweka vitu viwili.
Hapa springi fupi, rahisi,
zikishusha zimeshusha, hazijui kutubu.
Hapa koilova, mtumba wa Japani, zambarau iliyopauka,
uzi umechongwa kiunoni, na kichwani kitufe cha kuzungusha.
"Hizi zinasikia," akasema.
"Pete ni kimo. Kitufe ni ugumu, hatua ishirini na nne.
Bei yake sasa..."
Akafuta mikono kwa muda mrefu sana.

Nikapiga hesabu pale pale, kwa kucha, kwenye vumbi la boneti:
keki kumi na moja za harusi.
Au tisa, msimu wa kipaimara ukiwa na huruma.

"Unataka gari lionekane," akaniuliza, "au lifike?"
Nikamwambia, fundi,
hata keki huonekana kwanza ndipo ikaliwa.
Akazima redio.

Tukabishana kwa vidole, watu wazima watatu
tumechutama kwenye tairi moja.
Aminieli: kimoja.
Ndelilio: vinne, mama, unapanda Uru wewe.
Mimi nilikuwa na mkono wangu mwenyewe,
mkono unaojua krimu ikizidi nene inalemea,
ikizidi nyembamba inateleza.
Nikaweka vitatu.
"Basi kimo kitafutwe huku chini," fundi akanung'unika,
"springi usiikabe koo,
na ukiinyima mwendo wake itakaa kitako kwenye kila shimo,
halafu utakuja kunilaumu mimi."
Akaongeza, tayari yuko chini ya gari:
"Na brashi kila mwezi. Udongo wa huko ukiganda kwenye uzi,
hiyo pete haitageuka mpaka kiama."

Kwa hiyo Jumamosi hizi, kabla jogoo hajajipanga,
nafungua boneti nikiwa na kanga na tochi mdomoni,
nazungusha kushoto. Tik. Tik.
Ulaini wote. Kushoto, kisha kulia,
pande mbili zikitofautiana hata hatua moja keki inajua.
Wiki iliyopita lilidondoka ua moja tu, la waridi.
Nililila. Hakuna aliyehesabu.

Ila kuna jambo sijamwambia fundi.
Nikishamaliza kushusha mzigo,
nikishapewa soda na bahasha,
nateremka taratibu mpaka lami inapoanza,
nasimama kando, aproni bado ina unga,
nazungusha kulia hatua nane.
Kiti cha nyuma kitupu.
Kona ya kwanza inaniita kwa jina,
usukani umekaza kama mkono wa rafiki,
na mlima, nikiutazama kwenye kioo,
umejifunika shuka lake lote la mawingu.
Hautanisema.